Barua ya wazi: Tufungulieni njia ya miguu ya kutoka mtoni hadi ziwani

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri yetu,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
na wakuu wa idara za ardhi, misitu, maji na mazingira,
Mkoani Mwanza.

YAH: KUZIBWA KWA NJIA YA WAENDA KWA MIGUU INAYOPITA MTONI NA MSITUNI HADI ZIWANI, NA OMBI LA KUIFUNGUA NA KUIINGIZA KWENYE RAMANI

Waheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaandika hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeibisha yote. Tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukaenda kwa ofisa mtendaji wa kata, tukapanda hadi halmashauri. Nakala za barua zetu zina mihuri ya mapokezi. Tuliambiwa faili liko kwa mpimaji, kisha liko kwa mwanasheria, kisha mhusika amehamishwa kituo cha kazi na aliyekaa kwenye kiti chake hajakabidhiwa chochote. Mpaka leo hatujapata hata mstari mmoja wa maandishi. Katika barua hii hatutaji jina la halmashauri, la kata wala la mwenye uzio. Wahusika mnajijua, na jambo lenyewe mnalo mezani. Tunachodai ni njia. Hatuna haja ya kumfedhehesha mtu.

Kwa msomaji asiyeifahamu njia hiyo, tuieleze kidogo. Inaachana na lami pale bodaboda zinapoegesha, inashuka taratibu katikati ya mashamba ya mihogo na majaruba ya mpunga, inakutana na mto, halafu inaufuata mto huo chini ya mikuyu na mikwaju. Mto wenyewe si mkubwa; wakati wa kiangazi unasikia maji yakipita kati ya mawe kabla hujayaona. Ukishavuka unaingia msituni. Ni kipande cha miti ya asili kilichosalia kati ya majabali, chenye kivuli tangu asubuhi hadi jioni. Pimbi huota jua juu ya mawe, mdiria huvizia vidagaa kwenye matawi yaliyoinamia maji, na ukikaribia ziwa utamsikia furukombe akiita. Mwisho wa njia ni mwalo mdogo, yaani pa kuegesha mitumbwi ya wavuvi, wenye mafunjo pande mbili. Kwa mwendo wa pole ni saa mbili hivi kwenda. Hakuna mlima wa kupanda wala genge la kushuka. Mzee mwenye fimbo anafika, mama aliyebeba mtoto mgongoni anafika, na mtoto wa darasa la pili anafika akiwa bado ana nguvu za kukimbia.

Wepesi huo ndio unaotufanya tuipiganie. Nchi yetu inasifika kwa safari za jasho. Watu wanatoka mbali kuja kupanda Kilimanjaro yenye mita 5,895, na waongozaji, wapagazi na wapishi wanaishi kwa kazi hiyo. Hapa kwetu Kanda ya Ziwa tuna Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2013, na tuna Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Kote huko unaingia kwa boti na kwa tiketi, na hatuna malalamiko juu ya hilo. Hifadhi inahitaji fedha ili iendelee kuwa hifadhi. Lakini matembezi mepesi ya mashambani, yale ambayo familia inayafanya Jumamosi asubuhi ikiwa imevaa raba au kandambili, ikabeba chupa ya maji na michembe kidogo, hayana idara, hayana fungu, hayana hata mstari kwenye ramani. Kwa hiyo mtu akiamua kuiziba njia, hakuna ofisi inayohisi kwamba imeguswa.

Wengi katika kikundi chetu hatukuanza kutembea kwa kupenda mandhari. Tulitumwa na kliniki. Wengine tuna presha, wengine sukari, wengine magoti yanayouma tukikaa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa mwendo wa kuchangamka ni mojawapo ya mazoezi hayo. Daktari anasema "tembea", nasi tunajiuliza tutembelee wapi. Kando ya lami malori yanakupita karibu na bega, bodaboda zinakuja upande wako, na vumbi lote unalimeza wewe. Njia ya mtoni ilikuwa jibu letu, na tulilipata bila kuigharimu halmashauri senti moja. Kupenda mandhari kulikuja baadaye, na sasa hatuwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Kero zetu ni hizi.

1. Njia imezibwa sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni pale inapotoka msituni. Imevutwa seng'enge kutoka jabali hadi jabali, na ng'ambo yake hakuna nyumba, hakuna shamba, hakuna hata tofali. Kuna bikoni na nyasi. Watoto wanapenya chini na kuchana nguo. Wazee wanarudi nyumbani. Asiyetaka kurudi analazimika kuzunguka kwa kushuka mtoni, na hilo tutalieleza katika kero ya pili.

Sehemu ya pili ni ufukweni, nayo ni nzito zaidi, hivyo tunaomba mtuvumilie kwa maelezo. Mwaka 2020 ziwa lilijaa kupita kawaida. Kila aliyeishi kando ya maji anakumbuka: mialo ilifunikwa, nyumba za mabondeni ziliingiliwa, na maji hayakuwa na haraka ya kuondoka. Njia yetu ya ufukweni ilizama nayo. Watembeaji wakasogea juu, kwenye nchi kavu, bila kugombana na mtu, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na ukuta. Maji yaliporudi nyuma, mafunjo yakaota upya kwenye tope, na mwenye kiwanja cha juu akateremka akiyafuata maji. Alianza kwa kupanda miti ya mpaka, ikafuata waya, sasa ni ukuta wa matofali ambao kona yake ya chini imesimama ndani ya mafunjo. Njia ya zamani iko ndani ya ukuta huo. Njia ya baada ya mafuriko nayo imo humo humo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zenye kuhatarisha uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa ziwa. Tukilisema hilo tunajibiwa kwa swali: mita 60 kutoka wapi? Tunalichukulia swali hilo kwa uzito, maana ni la haki. Ziwa Viktoria lina kina kidogo ukilinganisha na upana wake, na sehemu nyingi za kando yake ni tambarare. Maji yakipanda mita moja tu, ufukwe unasogea hatua nyingi kuelekea bara. Kipimo kikichukuliwa kiangazi, maji yakiwa yamerudi, mita 60 zitaishia mahali ambapo mwaka wa mvua kubwa patakuwa ndani ya ziwa. Kwa hiyo tunaomba kipimo kianzie kwenye kimo cha juu cha maji ambacho wakazi wa ufukweni tulikiona kwa macho yetu, na ambacho wavuvi wanaweza kuwaonyesha jabali kwa jabali. Hata hivyo, kwa ukuta huu mjadala wa pa kuanzia haubadilishi kitu. Anzeni kupima kwenye maji ya leo, ya siku yoyote mtakayochagua; ukuta hautafika hata nusu ya mita hizo 60.

2. Kivuko kimeondoka, na mto unachimbwa.

Mahali njia inapovuka mto palikuwa na ulalo wa magogo mawili na kamba ya kushikia, uliotengenezwa na wanakijiji kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea. Masika yaliuchukua. Tungejenga mwingine, mikono tunayo, lakini kingo za kuulaza hazipo tena. Tipa zinaingia mtoni kuchota mchanga, na pale palipokuwa ukingo imara sasa ni shimo lenye kuta za udongo unaoporomoka ukiukanyaga.

Madhara ya mchanga hayaishii pale unapochotwa. Sakafu ya mto ikishushwa sehemu moja, maji yanaongeza kasi na kuanza kula ukingo sehemu za juu na za chini. Mikuyu iliyokuwa imeukumbatia udongo kwa mizizi inaning'inia, kisha inaanguka. Ikianguka, kivuli kinaondoka, maji yanapata joto, na tope lote linateremka hadi mwaloni, wanakozalia samaki. Anayetaka kuona mto uliokwisha kubanwa na kuelemewa unakuwaje, aende akautazame Mirongo katikati ya jiji. Mirongo nao una chanzo chake safi, na wazee wanasimulia. Huu wetu bado haujafika huko, ndiyo maana tunapiga kelele sasa.

Kuna jambo moja katika kero hii tunaomba mlisome mara mbili. Kwa kuwa ulalo haupo, watu wanavuka kwa kuingia majini hadi magotini, na wengi wao ni wanafunzi. Kanda ya Ziwa ina kichocho cha tumbo. Vimelea vyake vinatoka kwa konokono wanaokaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, vinatoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, na vinapenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache. Mashimo ya mchanga yaliyojaa maji ni makazi mazuri ya konokono hao. Serikali inagawa dawa za kichocho shuleni, na tunaishukuru kwa dhati. Lakini mtoto anameza vidonge asubuhi, na saa saba mchana, jua la utosi, anavua viatu na kuingia katika maji yale yale ili afike kwao. Daraja dogo la miguu lingemtoa majini, likamtoa bibi yake majini, na likatuwezesha sisi kupita.

3. Msitu unaisha huku kila idara ikisema si wake.

Upande wa juu wa njia uko ndani ya mipaka ya kijiji. Upande wa chini, kuelekea ziwa, umeingizwa kwenye eneo la mipango miji na viwanja vimepimwa. Msitu uko katikati. Idara moja inatuambia hilo ni eneo la kijiji, kijiji kinatuambia limekwisha chukuliwa na mji, na wakati tunazungushwa, matanuri ya mkaa yanafuka. Ukipita asubuhi utakuta visiki vya mininga vinavyovuja utomvu mwekundu. Waliokata hawakuja usiku wala hawakujificha, kwa sababu hawakuwa na wa kumwogopa.

Si kwamba mkoa huu haujui kutunza miti. Serikali ina mashamba ya miti Rubya kule Ukerewe na Buhindi kule Buchosa, na yana wasimamizi, mipaka na barabara za kuzuia moto. Na kabla ya serikali yoyote, Wasukuma walikuwa na ngitili: eneo la malisho lililofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vipumue, likafunguliwa kiangazi kwa utaratibu unaojulikana na wote. Kule Shinyanga mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulianza mwaka 1986, ukairudia ngitili, na nchi iliyokuwa imeanza kuwa jangwa ikarudisha miti yake. Tunautaja kwa sababu ulifanyika kwa jirani zetu, kwa mvua chache kuliko zetu, tena kwa maarifa ambayo babu na bibi zetu walikuwa nayo.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu msitu kuwa hifadhi ya kijiji, na inaruhusu pia kuwa hifadhi ya serikali ya mtaa. Chagueni mojawapo. Kwetu sisi watembeaji chaguo lolote ni zuri kuliko hali hii ya msitu usio na mwenyewe. Tunasema pia, kwa hofu ya kweli, kwamba hatutaki jawabu liwe kukata miti ya asili na kupanda mikaratusi mistari kwa mistari. Mkaratusi una kazi yake, nguzo tunazihitaji, ila haupaswi kupandwa kwenye ukingo wa mto unaokauka.

4. Anayetembea anatendewa kama mhalifu.

Mara kadhaa wanakikundi wamesimamishwa na mgambo au walinzi wa viwanja na kuulizwa kibali. Kibali cha nini, hakuna anayejua. Kina mama waliulizwa waume zao wako wapi. Vijana wawili walipekuliwa simu kwa sababu walipiga picha za ndege. Mtu anayepita njia ambayo bibi yake alipita akienda kuteka maji hastahili kujieleza kwa mtu mwenye rungu. Kero hii haihitaji fedha wala mkandarasi. Inahitaji agizo moja kutoka kwenu.

Sasa tuje kwenye majibu ambayo tumekuwa tukipewa kwa mdomo, ili msipate taabu ya kuyarudia kwa maandishi.

Tumeambiwa hakuna bajeti. Hatuombi lami, taa wala vigae. Njia hii inajitunza yenyewe kwa kukanyagwa. Kufyeka, kupanga mawe ya kukanyagia kwenye tope, kupaka alama za rangi kwenye majabali ili mgeni asipotee, hayo tutayafanya kwa msaragambo, na vijana wa mwaloni wamekwisha kukubali. Kitu pekee chenye gharama ni daraja, na hata hilo ni la watu na baiskeli. Halihitaji kubeba gari.

Tumeambiwa wananchi wa hapa hawatembei kwa starehe, kwamba hayo ni mambo ya wageni. Hili lilituuma kuliko yote. Njia hii ilichongwa na miguu ya wenyeji waliokwenda mwaloni, mnadani, msibani, na wale waliokwenda Bujora wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, kutazama makundi ya Bagalu na Bagika wakishindana. Waliongea njiani, waliimba, walipumzika chini ya miti hiyo hiyo. Nani amesema hawakufurahia? Na hata kama wageni nao wangependa kupita, kuna ubaya gani? Mgeni anayemaliza siku yake mwaloni atakula sato wa kuchoma kwa mama lishe, atapanda bodaboda kurudi, atanunua embe kwa mtoto wa barabarani. Fedha hiyo inabaki kijijini siku hiyo hiyo.

Tumeambiwa ni hatari, kuna kiboko na mamba. Wapo, na sisi tunaoishi hapa tunalijua hilo kuliko yeyote. Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na hurudi alfajiri, kwa hiyo hatuanzi kutembea kabla jua halijachomoza vizuri wala hatukai ufukweni hadi giza. Mamba anakwepwa kwa kutochezea ukingo wa maji. Ubao wa tahadhari sehemu tatu muhimu, kwa Kiswahili kinachosomeka, ungesaidia watu wengi. Tena hatari kubwa ya sasa imeletwa na ukuta wenyewe, maana anayetaka kuuzunguka anapita kwenye mafunjo, penye maji, mahali ambapo njia ya asili haikuwahi kumpeleka.

Na tumeambiwa mwenye kiwanja ana hati. Hatuibishii hati ya mtu. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na mwenye hati anamiliki kwa masharti. Sheria hiyo hiyo inatambua kuwepo kwa njia za umma. Hati ya miaka ya karibuni ilikuta njia ipo. Agosti 3, 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alilifikia ziwa hili karibu na hapa, naye alikuja kwa miguu kutoka Tabora, akiongozwa na watu waliozijua njia. Njia za nchi hii zimekuwepo kabla ya mpimaji wa kwanza, na kazi ya mpimaji ilikuwa kuzichora. Kama ramani ya viwanja haionyeshi njia yetu, kosa liko kwenye ramani.

Mahali pengine jambo hili limeshughulikiwa. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1949 iliyozitaka halmashauri za kaunti kuchora njia za miguu za umma kwenye ramani rasmi, zikiwemo zinazokatiza katikati ya mashamba ya watu binafsi. Mkulima analima, anafuga, anafunga geti lake, na mtembeaji anapita pembeni akalifunga tena. Karibu zaidi na sisi, Nairobi ilikaribia kuupoteza msitu wa Karura kwa viwanja vya kugawana. Mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walisimama, na Januari 1999 walipigwa wakijaribu kupanda miti. Leo Karura ni zaidi ya hekta 1,000 za miti ndani ya jiji kubwa, kuna mito na maporomoko madogo, na familia zinatembea humo kila mwisho wa wiki kwenye njia nyepesi kama hizi tunazozizungumzia. Hatutamani mtu apigwe hapa ndipo tuelewane. Kwa idadi ya watu, Sensa ya 2022 imeuonyesha mkoa wetu kuwa na zaidi ya milioni 3.6, na miji yetu inapanuka kuelekea ziwani kila mwaka. Kipande kisichochorwa leo kitakuwa sebule ya mtu kesho.

Maombi yetu, kwa hiyo, ni haya. Kwanza kabisa njooni muone. Mpimaji, ofisa misitu, ofisa mazingira na mwakilishi wa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria watembee njia hii pamoja nasi mwanzo hadi mwisho, siku moja, wote kwa pamoja, ili asiwepo wa kumtupia mwenzake mpira. Chagueni siku yoyote ya kazi. Sisi tutakuwepo, na mwendo hautamchosha mtu.

Seng'enge ya msituni iondolewe ndani ya siku 30, kwa kuwa hailindi kitu chochote na haihitaji uchunguzi. Kwa ukuta wa ufukweni tunaelewa kuna taratibu. Mita 60 zipimwe hadharani, wavuvi na mwenye kiwanja wakiwepo, na matokeo yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata. Sheria ichukue mkondo wake baada ya hapo, na wakati inachukua mkondo huo, mwenye ukuta aamriwe kuacha upenyo wa kupita mtu.

Uchotaji wa mchanga usimamishwe katika eneo la kivuko, na mhandisi aje kuonyesha mahali salama pa kulaza daraja. Akituonyesha, tutaleta mawe na nguvu kazi.

Njia nzima ichorwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji na kwenye mchoro wa mipango miji, ikiwa na upana wa kutosha watu wawili kupishana bila mmoja kuingia shambani mwa mtu. Mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kuamua hadhi ya msitu, na halmashauri ije na jibu moja juu ya nani anausimamia.

Mgambo na walinzi waelezwe kwa maandishi kwamba mtu anayepita njiani kwa amani haulizwi kibali.

Mwisho, tunaomba jibu la maandishi kwa barua hii, hata kama jibu ni hapana, likionyesha sababu na kifungu cha sheria. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi, na hatuwezi kuutimiza wajibu huo tukiwa hatujui nani wa kumwambia kwamba mti umekatwa. Tusipopata jibu ndani ya siku 30, tutalipeleka suala hili kwa Mkuu wa Wilaya na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, tukiambatanisha picha, nakala za barua zilizogongwa mihuri, na majina ya wakazi waliokubali kutoa ushahidi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu,
kwa niaba ya kikundi cha matembezi cha majirani wa mtoni na ziwani.

Nakala: Mwenyekiti wa Kijiji, Ofisa Mtendaji wa Kata, Mheshimiwa Diwani.